Maganda ya Mayai Kwenye Pombe ya Asali: Jamani, Yanafanya Kazi!

Wacheni kila kitu mnisikilize. Kifaa kilichonifurahisha kuliko vyote jikoni mwangu hakina chapa wala risiti, hakitumii umeme, na huenda wewe umekitupa leo asubuhi ulipomaliza kunywa chai. Ni ganda la yai! Lioshe, likaushe, lisage mpaka liwe unga mweupe laini, kisha tia unga huo kidogo tu ndani ya mtungi wa pombe ya asali uliozubaa. Mtungi unaamka. Narudia: unaamka!

Haya ni maoni ya mwanzomwanzo, ya mtu ambaye bado ana unga kwenye kucha. Pombe yenyewe haijakomaa, na ladha yake ya mwisho itangoja miezi. Lakini kwa niliyokwisha kuyaona, kunyamaza nimeshindwa.

Asali ni tamu, mtungi ni mkali

Tuanze na tatizo, kwa sababu pasipo tatizo hili unga wetu ni takataka iliyosagwa. Huku kwetu pombe ya asali si jambo geni. Wamaasai wana enaisho, Wakikuyu wana muratina, majirani zetu Watanzania wana wanzuki. Wamaasai hutia mizizi ya osuguroi, yaani mshubiri. Wakikuyu hutia tunda la mwegea lililokaushwa, ambalo hubeba hamira kutoka pombe moja hadi nyingine. Siku hizi wengi wetu tunaoishi Kitengela tunakata njia ya mkato: asali, maji, hamira ya dukani, dumu safi lenye kifuniko kinachopumua, basi.

Halafu? Siku ya kwanza ni furaha tupu. Povu linapanda, kifuniko kinapumua, nyumba nzima inanukia. Kisha ghafla kimya. Ukionja, sukari bado tele na ukali unakwaruza ulimi. Hamira imegoma.

Mgomo huo una sababu. Asali ina asidi tangu iko mzingani. pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka kadiri ukali unavyopanda, kwa kawaida ni karibu 3.9, ila ulimi hauijui asidi hiyo kwa kuwa sukari imeifunika. Asidi yake kubwa ni ya glukoni, ambayo nyuki huitengeneza kutokana na glukosi kwa kimeng'enya chao wenyewe. Ajabu ni kwamba asidi hiyo si nyingi. Kinachokosekana ni kitu cha kuizuia isizidi. Asali ni maskini wa madini, na ukiizimua kwa maji unauongeza umaskini huo. Chembe za hamira zinapokula sukari na virutubisho, hutema asidi kwenye kinywaji, na kwa sababu hakuna cha kuipokea, pH inaporomoka. Inaweza kushuka chini ya 3 katika siku moja au mbili za kwanza! Hapo hamira inafanya kazi kwa taabu, na ikiwa haikupewa chakula cha kutosha, inalala kabisa.

Na usidhani tofauti ya 3.9 na 2.9 ni ndogo. Kila hatua moja kwenye kipimo cha pH ni mara kumi. Kipimo hicho, kwa taarifa yenu wapenzi wa mtungi, kilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, mkemia wa maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen. Ndiyo, Carlsberg ya bia! Kipimo kinachotumika leo hospitalini, viwandani na mashambani kilitoka kwa wapika pombe. Sisi tunakirudisha nyumbani kwao.

Bisil, mji uliokalia dawa

Wazo lilinijia Bisil. Ukipanda matatu Kitengela kuelekea Namanga, ukapita Isinya, ukapita mji wa Kajiado, unafika Bisil, penye soko la mifugo na vumbi lisilo na aibu. Nilikuwa nimefuata asali. Mama mmoja wa makamo alikuwa na asali nyeusi, nzito, ya migunga. Nikamwamkia, "Takwenya, yeyo." Akaitika, "Iko," kisha akanipa tone kwenye kiganja nionje kabla hatujazungumza bei. Nikanunua zaidi ya nilivyokusudia.

Lakini macho yangu yalikuwa chini. Nchi hii imejaa mawe meupe! Wanajiolojia walikwisha kuipima zamani. Ripoti ya Joubert kuhusu eneo la Namanga na Bisil ilichapishwa mwaka 1957, na miamba ya chokaa iliyogeuka fuwele imo ndani yake. Ni mawe ya chokaa ya kale, yaliyopikwa na kukandamizwa ardhini mpaka yakawa marumaru. Marumaru ya Kajiado imechimbwa na kupamba sakafu kwa miongo mingi, na chokaa ya kaunti hii huliwa na viwanda vya saruji upande wa Athi River. Chukua kipande cha jiwe hilo, kikwaruze upate vumbi, kidondoshee siki. Linachemka! Vipovu vinatoka papo hapo. Hiyo ni hewa ya kaboni ikikimbia, na ni ushahidi kwamba mbele yako una kalisiamu kaboneti ikipambana na asidi.

Hapo ndipo akili yangu ilipowaka. Kalisiamu kaboneti ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye makombe ya baharini, kwenye nyumba ya konokono, kwenye matumbawe ambayo mafundi wa Lamu walikuwa wakiyachoma katika tanuu kupata chokaa ya kujengea. Na ndiyo iliyo kwenye ganda la yai, ambalo takriban asilimia 95 ni kalisiamu kaboneti. Kuku anakula chokaa, anatutagia jiwe. Jiwe safi zaidi kuliko la machimbo, kwa maana jiwe la ardhini huja na magnesi, mchanga, chuma na metali nyingine ambazo hakuna aliyezipima kwa ajili ya tumbo lako. Jiwe la Bisil lilinifundisha somo. Kazi yenyewe nimempa kuku.

Kutoka kwa muuza mayai hadi kwenye kinu

Kitengela haina uhaba wa maganda. Kila jioni, pembeni mwa barabara, vijana wenye vitoroli wanauza smokie na mayai boilo kwa kachumbari, na chini ya kila kitoroli pana karatasi iliyojaa maganda. Nilipomwomba kijana mmoja anifungie, alinitazama kwa huruma.

"Maganda tu, bosi? Mayai hutaki?"

Nikanunua na mayai, heshima isipotee. Ila kwa usafi, ushauri wangu ni uanze na maganda ya nyumbani kwako, unayojua yalikopita.

Matayarisho ni rahisi mpaka inachekesha. Osha maganda. Bandua ule utando mwembamba wa ndani kadiri uwezavyo. Ukibaki hunuka unapokaangwa na huacha vipande vya kuelea. Chemsha maganda dakika kumi ili kuua salmonela. Yakaushe, kisha yakaange kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo mpaka yavunjike kwa kidole. Twanga kwenye kinu au saga kwenye blenda kavu, halafu chekecha kwa kitambaa chepesi. Ulaini ndio siri yote: unga laini huyeyuka kwa saa kadhaa, vipande vikubwa hukaa chini ya mtungi siku nyingi.

Tahadhari moja: usiyatupe maganda moja kwa moja kwenye makaa mekundu. Kalisiamu kaboneti ikipata joto kali sana, la karibu nyuzi 900, hugeuka kuwa chokaa hai, inayounguza ngozi na kuchemka ikikutana na maji. Watu wa tanuu waliitaka hiyo. Sisi hatuitaki.

Ganda moja hukupa kama gramu 5 za unga. Kama utakavyoona, hizo zinatosha mtungi mzima na chenji inabaki.

Ndani ya mtungi

Sasa raha yenyewe! Nilitengeneza madumu mawili pacha: asali ile ile ya Bisil, maji yale yale ya mvua, hamira ile ile, na chakula kile kile cha hamira. Moja likapata unga wa ganda, jingine nikaliacha lijitegemee. Karatasi za kupima pH zilipoanza kuonyesha rangi ya ukali uliopita kiasi kwenye yote mawili, nikachota kikombe cha kinywaji kutoka dumu la kwanza, nikakoroga unga ndani yake, nikarudisha polepole.

Polepole, jamani! Kinywaji kinachochacha kimejaa hewa ya kaboni iliyoyeyuka, na unga ukianguka ghafla hewa hiyo yote hutafuta mlango kwa wakati mmoja. Povu litakufuata hadi dari. Tikisa dumu kwanza litoe hewa, acha nafasi ya kutosha juu, ndipo utie mchanganyiko wako kidogo kidogo.

Matokeo? Dumu lenye unga lilirudi kuchemka, likaendelea kupumua wakati pacha wake akisinzia. Karatasi ilionyesha rangi ya tatu na nusu hivi, ikakaa hapo. Ikakaa! Hilo ndilo lililoniinua kitini. Kupandisha pH ni rahisi, hata mtoto anaweza. Kuifanya itulie ndiyo kazi, na hapa kemia inacheza vizuri kupita kiasi. Kalisiamu kaboneti inapokula sehemu ya asidi ya glukoni, inaacha chumvi yake, glukoneti. Asidi iliyobaki na chumvi hiyo vikikaa pamoja huzuia pH isiyumbe, na nguvu yao kubwa ni karibu na 3.9. Yaani unatumia asidi ya asali yenyewe kuilinda asali! Hamira ikitema asidi zaidi, glukoneti inaipokea, na unga ambao haujayeyuka unayeyuka.

Tena unga huu una adabu. Hauyeyuki kwa kiasi cha maana kwenye maji matupu. Huyeyuka asidi inapokuja. Ni mlinzi anayeinuka kitini pale tu geti linapogongwa.

Hesabu kwa wanaopenda hesabu: gramu 1 ya kalisiamu kaboneti hutuliza asidi milieku 20 (milieku ni kipimo cha wingi wa asidi). Viwango vya kimataifa vya Codex vinataka asidi huru ya asali isizidi milieku 50 kwa kilo. Kwa hiyo hata asali kali kuliko zote zinazokubalika ingetulizwa asidi yake yote kwa gramu 2.5 tu kwa kila kilo, na hatutaki kuituliza yote! Kwa dumu la lita 5 lenye asali kilo 1 na robo, anza na robo kijiko cha chai, ambayo ni gramu 1 na kidogo. Koroga, ngoja hadi kesho yake, pima tena. Lenga kati ya 3.4 na 3.8. Ukifika hapo, mikono mfukoni.

Ukizidisha, utajua. Kinywaji kinakuwa bapa, kina ladha ya chaki, na bakteria ambao asidi ilikuwa ikiwafukuza wanaona mlango uko wazi.

Washindani wake

Nimewapanga wote mezani, maana najua maswali yenu.

Magadi. Yanatoka Ziwa Magadi, kwenye kaunti yetu hii hii, na kila jikoni inayopika githeri inayajua. Kwa mtungi? Hapana. Yanayeyuka yote mara moja bila kungoja asidi, yanaipandisha pH mbio ikapita pale ulipotaka, yanaacha ladha ya sabuni, na magadi ya ziwani yana floridi nyingi katika ukanda ambao meno ya watu wengi tayari yameshaathiriwa na maji ya visima. Yabaki kwenye maharagwe, nayo kwa uchache.

Chokaa ya kupaka nyumba. Wala usiisogeze! Hiyo ni kalisiamu hidroksidi. Maji yake hufika pH 12 na zaidi. Rangi ni nyeupe sawa na unga wetu, tabia ni mbingu na ardhi.

Chaki ya darasani. Inadanganya wengi. Chaki nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa jasi, ambayo ni kalisiamu salfeti, na jasi haitulizi asidi. Idondoshee siki: isipotoa vipovu, irudishe shuleni. Ikitoa, bado si chakula.

Chokaa ya kuku ya duka la agroveti. Hii iko karibu zaidi, kwa sababu mara nyingi ni chokaa iliyosagwa au makombe. Lakini imetengenezwa kwa ajili ya kuku, na mara nyingine imechanganywa na madini mengine. Mpe kuku, kisha usubiri ganda.

Maji ya kisima. Mshindani ambaye sikumtarajia! Maji magumu ya visima vya huku yana bikaboneti, na bikaboneti ni kinga ya asidi tayari. Ule ukoko mweupe ndani ya birika unaotokana na maji magumu ni kalisiamu kaboneti iliyotengana na maji yalipochemka. Maana yake ni kwamba anayetumia maji ya mvua, yasiyo na madini, atauhitaji unga wa ganda zaidi kuliko anayetumia maji ya kisima, na anayechemsha maji ya kisima kwanza anaiacha sehemu ya kinga yake ndani ya birika. Lakini chumvi na floridi za kisima hazitoki kwa kuchemsha. Mimi nabaki na mvua na ganda.

Usiupeleke kila mahali

Hapa nashusha sauti kidogo, kwa sababu shauku bila mpaka inalaza watu hospitalini.

Unga huu usiuguse mtindi. Usiuguse kule naoto, maziwa ya kibuyu ya Wamaasai. Watafiti wakiongozwa na Julius Mathara walichapisha mwaka 2004 uchunguzi wa vijidudu vya kule naoto na kumkuta Lactobacillus plantarum ndiye mtawala. Kazi yake ni kutia asidi, na asidi hiyo ndiyo inayowazuia wadudu wabaya. Maziwa yenyewe yana kinga yake ya protini na fosfeti, na huganda pH inapokaribia 4.6. Ukiyatia chokaa, hayagandi na hayako salama.

Ni vivyo hivyo kwa kabichi, pilipili na karoti zilizochachushwa kwa chumvi. Mstari wa 4.6 ndio unaozuia sumu ya botulinamu; chakula cha aina hiyo kinatakiwa kishuke chini yake haraka na kibaki huko. Hakuna ladha inayostahili kuhatarishiwa mstari huo.

Mtu atanikumbusha kwamba Louis Pasteur, katika kazi yake maarufu ya mwaka 1857 juu ya uchachukaji wa laktiki, alitia chaki ili uendelee. Ni kweli, na viwanda vinavyotengeneza asidi ya laktiki vimetumia hila hiyo hiyo kwa zaidi ya karne. Ila wao walitaka bakteria wafanye kazi bila kuchoka, kisha waivune asidi. Sisi tunataka kula.

Kombucha iliyochacha hadi kufunga koo? Chembe chache za unga kwenye glasi yako wakati wa kunywa zinatosha. Mtungi mama uache na ukali wake. Wanaofuga kefiri ya maji wao huweka kipande cha ganda mtungini bila kusaga, na punje zao hunawiri.

Hukumu

Mazuri: unga huu hauna bei, unatengenezwa jioni moja, unajizuia wenyewe, na unaifanyia asali kazi ambayo zabibu huja nayo tangu mzabibuni. Mabaya: unayeyuka taratibu, kwa hiyo asiye na subira ataongeza kabla ya wakati na kuharibu, ukiwa mkavu unaripua povu, na hauondoi njaa ya hamira. Mtungi uliogoma kwa kukosa virutubisho hautaamshwa na ganda peke yake. Ukitaka kuuza pombe, kumbuka kuna Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010, ile tunayoiita Sheria ya Mututho, leseni kwanza.

Je, ni kwa kila mtu? Kwa mwenye maziwa na kabichi, hapana, hata kidogo. Kwa mwenye asali na maji ya mvua, ndiyo, ndiyo, na ndiyo tena! Fedha zako usizipeleke kwenye vikopo vya kuagiza kutoka ng'ambo. Nunua karatasi za pH, zile za kipimo chembamba cha kati ya 2.8 na 4.4 wala si za 1 hadi 14 ambazo haziwezi kukutofautishia 3.2 na 3.6. Karatasi hizo ndizo gharama yote ya mradi huu, na bila hizo usitie hata chembe moja.